Mtoto Akikohoa Usiku

Hapana sauti iamshayo nyumba upesi kuliko kikohozi cha mtoto mdogo. Mbwa wakibweka, mwenye nyumba hugeukia upande wa pili akalala tena. Mvua ikipiga juu ya mabati, watu huvuta blanketi na kumshukuru Mungu kwa ajili ya mahindi. Lakini mtoto akikohoa mara tatu mfululizo, mama yake huwa ameketi kitandani kabla ya mara ya nne. Baba naye hujifanya amelala, lakini hesabu anaihesabu.

Mchana mtoto yule yule alikuwa akikimbiza kuku uani, akikohoa mara moja moja, wala hakuna aliyemjali. Ni usiku ambapo ugonjwa huonekana kuwa mkubwa. Kwa sababu hiyo mashauri mengi juu ya kikohozi cha watoto hukatwa saa nane ya usiku, na watu waliochoka, katika chumba chenye giza. Huo si wakati mwema wa kukata shauri lo lote. Ukichunguza madhara yanayowapata watoto kwa ajili ya kikohozi, utaona kwamba mengi hayatokani na kukosa mapenzi. Hutokana na haraka ya watu wanaopenda mno.

Yafaa kwanza kujua kwamba kukohoa ni kazi ya mwili ya kujilinda. Njia ya pumzi ikiingiwa na vumbi, au maji, au kamasi, mwili husukuma hewa kwa nguvu ili kukitoa kitu kile kabla hakijashuka mapafuni. Mtoto asiyeweza kukohoa yumo hatarini kuliko yule akohoaye. Sasa mtoto mwenye mafua hutokwa na kamasi nyingi. Mchana, akiwa wima, nyingi hutoka puani, na nyingine huimeza bila kujua. Usiku, akiisha kulala chali, kamasi hutiririka nyuma ya koo na kuliwasha, naye hukohoa. Tena mtoto mdogo hajui kutema. Humeza makohozi yake, na pengine huyatapika yote juu ya blanketi pamoja na uji wa jioni. Jambo hilo huwatisha wazazi, ilhali mara nyingi mtoto hupata nafuu baada yake, akalala.

Mafua ya kawaida huletwa na virusi, wala hapana dawa ya kuviua. Antibiotiki haziwezi, hata zikiwa za bei kubwa namna gani. Mwili wenyewe huvishinda, lakini kwa siku zake. Hili ndilo neno ambalo wazazi wengi hawajapata kuambiwa waziwazi. Homa ya mafua kwa kawaida huondoka baada ya siku chache, kisha kamasi hupungua, na kikohozi hubaki nyuma kama mgeni asiyejua kuaga. Watoto wengi huwa wamepona baada ya wiki 2, na baadhi yao hufika wiki ya 3. Tena mtoto wa chini ya shule aweza kupata mafua mara 6 au 8 kwa mwaka mmoja. Mtu akaaye Kinangop, au Limuru, au Molo, ambako mwezi wa Julai ukungu hauondoki mpaka jua la adhuhuri, aweza kuona kikohozi kimoja kikiisha siku ya Jumatatu na kingine kikianza siku ya Alhamisi, akasadiki kwamba ni ugonjwa mmoja usiokoma.

Katika nyumba nyingi mambo huenda namna hii. Siku ya kumi imefika. Baba amekwenda kazini na macho mekundu kwa kukosa usingizi. Nyanya wa mtoto amekuja kumtazama mjukuu wake, naye usiku kucha amesikiliza kikohozi kile. Asubuhi anamwita mke wa mwanawe jikoni.

“Mwanangu, mtoto huyu ana kimeo. Je, umepata kukitazama?”

“Mama, kule zahanati walisema ni mafua tu.”

“Wale hawajui kimeo. Baba yake huyu nilimpeleka akakatwa, na siku ya tatu kikohozi kikaisha. Mpeleke mapema.”

Hapana ubaya wo wote moyoni mwa mama huyu. Alilolisema ni kweli kwa kadiri alivyoona kwa macho yake. Kimeo ni kinyama kidogo kinachoning'inia nyuma ya kaakaa, na kila mtu anacho. Mtoto akikohoa siku nyingi koo lake huwa jekundu, na kimeo nacho huvimba kidogo pamoja na koo lote. Atazamaye ndani ya kinywa hukiona, akadhani kwamba hicho ndicho kinacholikuna koo. Lakini kimeo kimeumizwa na ugonjwa ule ule ulioleta kikohozi, wala hakikuuleta.

Basi kwa nini kikohozi cha baba wa mtoto kiliisha siku ya tatu? Kiliisha kwa sababu siku zake zilikuwa zimetimia. Watu hawampeleki mtoto kwa mkata kimeo siku ya kwanza ya kikohozi. Humpeleka wakiisha kuchoka, yaani siku ya kumi au ya kumi na mbili, wakati ambapo mafua yenyewe yanafunga mizigo yake. Mkata kimeo huja mwisho, akachukua sifa yote. Lakini watoto waliotokwa na damu nyingi baada ya kukatwa, au walioingiwa na vijidudu katika jeraha, au waliokatwa kwa kisu kilichotoka kinywani mwa mtoto mwingine, hao hawatajwi wakati wa kusifu. Hospitali za Kenya na Tanzania zimewapokea watoto wa namna hiyo, na baadhi yao hawakurudi nyumbani.

Wasomi wasifanye haraka kumcheka nyanya, maana haraka yao nao iko, ila yao huuzwa ndani ya chupa. Karani apitaye dukani jioni hununua dawa ya maji ya kikohozi, tamu, yenye rangi nzuri, akajiona ametimiza wajibu wake. Kwa miaka mingi madaktari wa watoto wamechunguza dawa hizo, na hawakuona kwamba zinawasaidia watoto wadogo kuliko kutopewa dawa. Mwaka 2008 wakuu wa dawa wa Marekani waliwaonya watu wasiwape watoto wa chini ya miaka 2, na mwaka 2009 wale wa Uingereza wakasema zisitumiwe kwa watoto wa chini ya miaka 6. Baadhi ya dawa hizo humletea mtoto usingizi mzito, nyingine huupigisha moyo wake mbio. Zile zenye kodeini huweza kuizuia pumzi yenyewe.

Tena liko jambo zito zaidi. Mwezi wa Oktoba mwaka 2022, Shirika la Afya Duniani lilitoa onyo juu ya dawa za maji za watoto zilizopatikana nchini Gambia. Ndani yake mlikuwa na sumu za jamii ya glaikoli, ambazo hutumiwa viwandani katika mafuta ya breki na maji ya kupozea injini. Watoto zaidi ya 60 walikufa kwa kuharibika mafigo. Mwaka ule ule watoto wengi nchini Indonesia walikufa kwa namna hiyo hiyo. Wazazi wao walifanya kama afanyavyo mzazi ye yote: walisikia mtoto akiugua, wakaenda kutafuta dawa. Neno hili halina maana kwamba kila chupa ina sumu. Maana yake ni kwamba dawa isiyohitajiwa haina faida ya kulipia hatari yake, hata hatari hiyo ikiwa ndogo.

Je, mzazi akae akitazama tu? La. Kazi ya usiku iko, na ni kazi ya mikono.

Kwanza ni pua. Mtoto mchanga hupumua kwa pua zaidi, na ikiziba hawezi kunyonya wala kulala. Chukua maji safi yaliyochemshwa yakapoa, kikombe kimoja cha robo lita, utie chumvi nusu ya kijiko cha chai, isizidi. Tia tone moja au mawili katika kila tundu la pua, ngoja kidogo, kisha safisha kwa kitambaa laini kilichosokotwa ncha. Fanya hivyo kabla ya kumnyonyesha na kabla ya kumlaza. Mtoto atalia, lakini wahenga walikwisha kusema kwamba mchelea mwana kulia hulia yeye. Maji hayo yatengenezwe mapya kila siku.

Pili ni kinywaji. Aliye chini ya miezi 6 dawa yake ya koo ni maziwa ya mama, wala hahitaji kitu kingine. Anyonyeshwe mara nyingi zaidi, kidogo kidogo. Aliyepita umri huo apewe maji ya vuguvugu, au uji mwepesi, au supu. Kinywaji cha moto kiasi hulainisha koo na kuyafanya makohozi kuwa mepesi.

Tatu ni asali. Hapa wazee walikuwa na haki tangu zamani. Wafugaji wa nyuki wa Ukambani na Baringo, waninginizao mizinga ya magogo juu ya miti, walijua matumizi ya asali kwa kifua kabla ya kuwapo duka la dawa. Mwaka 2007 madaktari wa Pennsylvania, Marekani, waliwajaribu watoto 105. Wengine walipewa asali nusu saa kabla ya kulala, wengine dawa ya dukani, na wengine hawakupewa kitu. Wazazi wa watoto waliopewa asali ndio walioona nafuu kubwa kupita wote. Mwaka 2012 huko Israeli watoto 300 wa umri wa mwaka 1 hadi miaka 5 walijaribiwa, na waliopewa gramu 10 za asali walilala vizuri kuliko waliopewa maji mazito ya tende. Lakini katika majaribio yote mawili, hata watoto ambao hawakupewa asali walipata nafuu kiasi usiku wa pili. Siku zilikuwa zikifanya kazi yake kwa wote. Asali iliwapunguzia uchungu wa kungoja, na hilo peke yake ni jambo jema. Kijiko kimoja cha chai kabla ya kulala chatosha, na meno yasafishwe baadaye.

Ila mtoto ambaye hajatimiza mwaka 1 asipewe asali kamwe, hata ya kulamba kidoleni. Asali huweza kuwa na mbegu za kijidudu ambacho tumbo la mtu mkubwa hukishinda. Katika utumbo wa mtoto mchanga huota na kutoa sumu ya kulegeza misuli, hata misuli ya kupumulia. Kuichemsha asali jikoni hakuziui mbegu hizo.

Nne ni moshi. Hapana faida ya kumpa mtoto asali kisha kumlaza katika moshi wa mafiga, au karibu na koroboi, au kando ya baba avutaye sigara. Moshi huliwasha koo lililokwisha kuumia. Na wakati wa baridi watu wengi huingiza jiko la makaa chumbani, wakafunga mlango na dirisha ili mtoto apate joto. Makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, na nyumba nzima imepata kulala isiamke kwa ajili yake. Mtoto avalishwe nguo kavu, alale karibu na mama yake, na jiko libaki nje.

Mambo mengine yaachwe. Kumfunika mtoto juu ya sufuria ya maji yachemkayo kumewaunguza wengi, na nafuu yake ni ndogo. Mafuta makali ya kuchua yasipakwe puani wala mdomoni, na wa chini ya miaka 2 asipakwe kabisa. Mtoto wa chini ya mwaka 1 asiwekewe mto kichwani. Akikohoa sana na abebwe wima begani mpaka atulie.

Kazi hizo zikiisha kufanywa, imebaki moja iliyo kubwa kuliko zote, nayo yahitaji saa tu. Ni kuhesabu pumzi. Sauti ya kikohozi haiwezi kumwambia mzazi kama mapafu yameingiwa na nimonia, ambayo mwaka 2019 iliua watoto zaidi ya 700,000 wa chini ya miaka 5 duniani. Mtoto aweza kukohoa kwa kishindo na mapafu yake yawe salama; mwingine hukohoa kidogo naye yu karibu kufa. Kasi ya pumzi ndiyo isemayo kweli. Katika milima ya Papua New Guinea, ambako mashine za kupiga picha za kifua zilikuwa haba, madaktari walitafuta dalili ambayo mtu wa kijijini angeweza kuiona bila chombo, na kazi yao ya miaka ya 1980 ilisaidia kuweka kanuni iliyoenezwa na Shirika la Afya Duniani. Siku hizi wahudumu wa afya vijijini hufundishwa kanuni hiyo hapa Kenya, wala hakuna sababu ya mzazi kutoijua.

Namna yake ni hii. Mtoto awe ametulia, asiwe akilia wala kunyonya. Fungua nguo yake, utazame kifua au tumbo. Kila kinapoinuka hesabu moja, kwa dakika moja nzima. Usihesabu nusu dakika ukazidisha kwa mbili, kwa maana pumzi ya mtoto haina mwendo mmoja. Aliye chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi ni hatari. Wa miezi 2 mpaka 12, ni 50 au zaidi. Wa mwaka 1 mpaka miaka 5, ni 40 au zaidi. Akifikia hesabu hiyo, apelekwe hospitali usiku ule ule. Nimonia ikigunduliwa mapema hutibika kwa dawa isiyo ya gharama kubwa.

Ziko dalili nyingine zisizongoja hata kuhesabu. Sehemu ya chini ya kifua ikiingia ndani kila anapovuta pumzi, akikoroma kwa sauti kali anapovuta pumzi hali ametulia, midomo ikigeuka rangi ya buluu, akishindwa kunywa au kunyonya, au akitapika kila kitu, akipata degedege, au akilala usingizi usioamshika: hayo yote ni ya kuondoka mara moja. Mtoto wa chini ya miezi 2 akionekana mgonjwa apelekwe, hata pumzi ikiwa nzuri. Na mtoto aliyekuwa mzima, akaanza kukohoa ghafula alipokuwa akila njugu au akichezea punje za mahindi, huenda amevuta punje ikaingia mapafuni. Huyo hana mafua, wala asali haitamfaa kitu.

Kadhalika kikohozi kinachozidi wiki 2 chataka kuonyeshwa daktari, hasa mtoto akikonda au kama nyumbani yuko mtu mwenye kifua kikuu. Kikohozi cha kurudi kila usiku pamoja na kifua kulia kama filimbi huenda kikawa pumu. Kile cha mfululizo mrefu, mpaka mtoto anavuta pumzi kwa mlio na kutapika, huenda kikawa kifaduro. Dhidi ya kifaduro na baadhi ya vijidudu vya nimonia iko chanjo, ambayo watoto wa Kenya hupewa wakiwa na wiki 6, 10 na 14. Ile ya nimokoka iliongezwa mwaka 2011. Mzazi aliyemaliza chanjo hizo amefanya kazi kubwa kwa ajili ya usiku ambao bado haujafika.

Kwa hiyo nyumba yenye mtoto mdogo iwe na vitu vichache vilivyo tayari kabla ya giza: chumvi na maji yaliyochemshwa, asali ya kweli kwa aliyetimiza mwaka, saa yenye mshale wa sekunde au simu, taa isiyotoa moshi, na nauli ya kufika hospitali isiyoguswa kwa ajili ya sukari wala soda. Baba naye asijifanye amelala. Mama ndiye mwenye mtoto kifuani, basi kushika saa na kuhesabu ni kazi ya baba. Wakiisha kuhesabu, wakaona pumzi 32 kwa mtoto wa miaka 2, naye amekunywa maji yake na kumtambua kila mtu, wajue kwamba wameuliza swali lipasalo na kupata jibu. Watazame tena kabla hakujapambazuka. Baada ya hapo mtoto aachiwe kikohozi chake kifanye kazi, na siku zipewe nafasi ya kupita.